Tuzo za Walimu Wetu Zisihesabu A Peke Yake

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, halmashauri nyingi nchini huanza kuandaa hafla ya tuzo za taaluma. Utaratibu wake unajulikana. Shule hupangwa kwa ufaulu, walimu huitwa mbele kwa idadi ya A walizoleta, bahasha hutolewa, vyeti husomwa, kisha watu hula na kutawanyika. Ni jambo jema. Mwalimu wa hisabati aliyefaulisha darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache anastahili kila shilingi anayopewa siku hiyo.

Lakini yupo mwalimu ambaye hafla hizo humpita. Ni yule anayefundisha useremala, ushonaji, umeme wa majumbani, uchomeleaji au kilimo cha vitendo. Somo lake mara nyingi halimo kwenye jedwali linaloletwa ukumbini, na kazi yake haihesabiki kwa herufi. Hupimwa kwa mlango unaofunga vizuri, kwa sare ya shule isiyofumuka, na kwa kijana aliyemaliza miaka minne iliyopita ambaye leo ana kibanda chake cha kazi pale Nkwenda, Kyerwa, na analisha wadogo zake. Hivyo vyote vipo, ila havijaandikwa popote. Kisichoandikwa hakifiki kwenye meza ya kamati ya tuzo.

Makala hii naiandika kwa ajili ya watu wawili: mwalimu huyo, na yule mwenye nafasi ya kumpendekeza, awe mkuu wa shule, afisa elimu kata, mjumbe wa bodi au mzazi. Macho yangu yako kata ya Bugomora, wilayani Kyerwa, pamoja na majirani zake wa Murongo, Kaisho na Isingiro, hadi Karagwe, wilaya mama ambayo Kyerwa ilizaliwa kutoka kwake mwaka 2012. Mwalimu wa Kibondo au Tunduru akisoma naye atajiona humu.

Wakati wa kulisema hili ni sasa. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na umeweka mikondo miwili sekondari: wa jumla na wa amali, yaani wa stadi za ufundi na kazi za mikono. Mapema mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ambayo imeubeba mwelekeo huo. Mwanafunzi wa mkondo wa amali anatarajiwa kutoka shuleni akiwa na cheti cha kidato cha nne pamoja na stadi inayotambuliwa na NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Maana yake ni kwamba nchi imeamua kumwekea mwalimu wa karakana mzigo mkubwa. Mzigo ukiongezwa, heshima iongezwe pamoja nao, la sivyo vijana wetu wazuri wanaosomea ualimu watazidi kukimbilia masomo yanayoitwa ukumbini.

Tena eneo hili si geni kwa heshima ya fundi. Miongoni mwa vitu vya enzi vya watawala wa Karagwe pale Bweranyange walikuwemo ng'ombe wadogo wa chuma, kazi ya wahunzi. Msafiri Mwingereza Speke alipofika mwaka 1861 na kupokelewa na Mfalme Rumanyika, alifika katika nchi ambayo ufuaji chuma ulikaa karibu na kiti cha enzi. Upande wa Buhaya, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978 katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba wafua chuma wa kale wa magharibi mwa Ziwa Victoria walipasha moto hewa kabla haijaingia tanuruni, na wakapata chuma cha pua. Na katika miaka ya 1990 asasi ya KARADEA ilianzisha Karagwe kituo cha kufundisha ufungaji wa umeme wa jua, wakati ambapo sehemu kubwa ya nchi ilikuwa bado haijaona paneli. Mwalimu wa amali wa Bugomora anaendeleza kazi yenye mizizi hapa hapa.

Sasa tumtazame mwalimu mmoja ambaye dunia ilimwona. Machi 2019, jijini Dubai, Peter Tabichi, mtawa Mfransisko na mwalimu wa hisabati na fizikia, alitangazwa mshindi wa Global Teacher Prize, tuzo ya dola milioni moja. Walioomba au kupendekezwa walikuwa kama 10,000 kutoka nchi 179. Yeye alitoka Shule ya Sekondari ya Keriko, kijiji cha Pwani, Njoro, kaunti ya Nakuru nchini Kenya. Shule ilikuwa na kompyuta moja, intaneti ya kubahatisha, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Wengi wa wanafunzi walitoka kwenye familia maskini, na wengine walikuwa yatima. Yeye mwenyewe alikuwa akitoa asilimia 80 ya kipato chake kusaidia wenye shida.

Watu wengi hukumbuka ile asilimia 80. Mimi nakuomba, mwalimu mwenzangu, uangalie kitu kingine: jinsi kazi yake ilivyoweza kuelezwa. Ilielezwa kwamba alianzisha klabu ya kulea vipaji na kukuza klabu ya sayansi. Ikaelezwa kwamba mwaka 2017 waliokwenda vyuoni walikuwa 16 kati ya 59, na mwaka 2018 wakawa 26. Wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na viziwi kupima vitu, wakafuzu kwenda kwenye maonyesho ya kimataifa ya sayansi Arizona, Marekani. Wengine walipata tuzo ya Royal Society of Chemistry kwa kutumia mimea ya eneo lao kuzalisha umeme. Kila jambo hapo linaweza kuthibitishwa, na karibu kila jambo linamhusu mwanafunzi kabla ya kumhusu mwalimu. Hakuna mahali walipohitaji kuandika kwamba ni mchapakazi. Msomaji anaona mwenyewe.

Basi ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa kuliko yote yatakayofuata: fungua kaunta buku ya karakana leo. Usingoje fomu ya tuzo itangazwe. Fomu ikishatangazwa huwa zimebaki siku chache, na hapo mtu huandika sifa kwa sababu hana kumbukumbu. Kitabu hicho kiwe cha kazi, chenye mafuta na vumbi la mbao, kikae karakanani na wanafunzi wajue kilipo.

Uandike nini humo? Chukua mfano wa vichanja vya kuanikia kahawa, kwa kuwa kahawa ndiyo uchumi wa Bugomora na kuianika chini kwenye udongo kunaishusha ubora. Siku ya kwanza andika tatizo na nani alilileta: mkulima gani, kitongoji gani, alisema nini. Bandika mchoro wa kwanza wa wanafunzi hata kama ni mbaya; mchoro mbaya ukifuatwa na mzuri ndio ushahidi wa kufundisha. Andika vifaa na bei yake kama ilivyokuwa siku hiyo, mbao, misumari, wavu, na nani alilipia. Andika nani alikata na nani alipiga randa, kwa majina. Kisha, hapa walimu wengi husita, andika kilichoharibika. Kama fremu ya kwanza ilipinda kwa sababu mbao zilikuwa mbichi, sema hivyo, na sema wanafunzi waliligunduaje na walibadili nini. Mtu anayejua ufundi akisoma ukurasa usio na kosa hata moja, hauamini. Akisoma kwamba mbao zilianikwa kivulini wiki kadhaa kabla ya kurudiwa kwa kazi, anajua mwalimu huyu anafundisha.

Ukurasa haujaisha bado. Rudi kwa mkulima msimu unapokuwa umekolea, uone kama kichanja kinatumika au kimegeuzwa kuni. Hilo ndilo swali ambalo kamati yoyote makini ingeuliza, na ni walimu wachache wenye jibu. Kama kimeharibika, mpeleke mwanafunzi akitengeneze, na uandike hilo pia.

Baada ya miaka miwili ya kuandika hivyo utaona tofauti kwenye barua ya mapendekezo. Barua nyingi ninazozisoma husema: "Mwalimu huyu ni mbunifu, anajituma na ana ushirikiano mzuri na jamii." Sentensi hiyo inaweza kumhusu mtu yeyote wa wilaya yoyote. Ilinganishe na hii, niliyoitunga kwa mfano: "Wanafunzi wa kidato cha pili walitengeneza vichanja vinne kwa wakulima wa kitongoji chetu, cha kwanza kilishindwa, vitatu vilitumika msimu mzima, na mkulima mmoja ameagiza kingine kwa fedha yake." Ya pili haina sifa hata moja, na ndiyo inayosifu.

Jambo la wahitimu nalo linahitaji daftari lake. Mwalimu wa historia anaweza kuridhika na matokeo ya mtihani. Wa ufundi bado ana swali moja: yule kijana anafanya nini na mikono yake sasa? Mwombe kila anayemaliza akuachie namba ya simu ya nyumbani, na mara moja kwa mwaka, likizo ya Desemba inafaa, piga simu. Nani anachomelea mageti Kayanga, nani anashona Kaisho, nani amejiunga na chuo cha VETA mkoani, nani aliacha na kwa nini. Waliotoka kwenye ufundi usiwafiche. Kama wasichana watatu walianza uchomeleaji na mmoja tu akamaliza, hilo ni jambo la kushughulikia shuleni kabla halijawa jambo la tuzo, na mwalimu anayelijua ameshaanza kulitatua.

Kuhusu picha nitasema kidogo. Simu inatosha. Piga picha kazi ikiwa haijaanza, ikiwa katikati, na ikiwa imekamilika. Mikono na kifaa vionekane. Zihamishie mahali pengine kila mwezi, kwa sababu simu huibiwa na huanguka kwenye maji. Sura ya mtoto isitumike nje ya shule bila mzazi kukubali, kwa maandishi.

Nalo hili la usalama: weka orodha ya ajali, hata ndogo, na hatua zilizochukuliwa. Karakana yenye miwani ya kuchomelea inayovaliwa kweli, msumeno unaotunzwa mahali pake na sanduku la huduma ya kwanza lenye vitu ndani yake inastahili kutajwa kwenye maombi yoyote. Mimi ningekuwa mwamuzi, ningeanzia hapo.

Sasa milango iko wapi?

Ulio karibu kuliko yote ni Mei Mosi. Kila taasisi ya umma huchagua mfanyakazi bora, na shule ni mahali pa kazi. Uteuzi wa shuleni mara nyingi hufanyika kwa haraka, kwa zamu au kwa kumwonea mtu huruma kwa kuwa anakaribia kustaafu. Mwalimu wa amali mwenye kaunta buku yake ana haki ya kuomba kikao kipitie ushahidi. Kuomba hivyo si kiburi.

Mlango wa pili ni wa kiofisi na hauna sherehe, lakini ndio unaogusa mshahara. Tangu mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, PEPMIS, uchukue nafasi ya ule wa OPRAS, mtumishi hupimwa kwa malengo aliyojiwekea. Walimu wengi wa ufundi hunakili malengo ya wenzao wa darasani: vipindi kadhaa, mitihani kadhaa. Weka ya kwako. Idadi ya kazi zitakazokamilika na kutumika, zana zitakazokarabatiwa, wanafunzi watakaoweza kusoma mchoro wa kiufundi bila msaada. Na kila barua ya pongezi unayopata, yenye muhuri, hakikisha nakala inafika kwenye jalada lako la Tume ya Utumishi wa Walimu wilayani. Tume hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ndiyo inayoshughulikia kupanda kwako daraja. Cheti kilichotundikwa sebuleni hakina msaada huko.

Kisha yapo mashindano ya wanafunzi, ambayo kwa kweli ni mashindano ya walimu wao pia. MAKISATU, yaani Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yalianza mwaka 2019 chini ya Wizara ya Elimu na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na yana makundi ya shule za msingi, sekondari, vyuo vya ufundi stadi hadi wabunifu wa mfumo usio rasmi. Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011, huwapokea wanafunzi wa sekondari na miradi yao wakiwa na mwalimu mlezi, na wanafunzi washindi wamepata ufadhili wa masomo ya chuo kikuu. Sehemu ya jina la mwalimu mlezi kwenye fomu isiachwe wazi, na isijazwe jina la mkuu wa shule kwa heshima tu. Aliyefanya kazi ndiye aandikwe.

Ng'ambo ya mto Kagera, Uganda, gazeti la New Vision limekuwa na tuzo ya walimu ambayo wananchi wenyewe huandika kuwapendekeza, na washindi hupelekwa ziara Ireland. Naitaja kwa sababu ya ule utaratibu wa mzazi kuandika. Hakuna kinachozuia redio zetu za Karagwe na Kyerwa kufanya hivyo kwa kiwango chetu. Umoja wa Afrika nao una tuzo ya walimu ya bara zima tangu 2019. Na Marekani, chama cha walimu wa teknolojia na uhandisi, ITEEA, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1939, hutofautisha tuzo ya mwalimu na tuzo ya programu nzima ya shule. Hilo la mwisho ningependa tuliige haraka. Karakana nzuri huwa ni kazi ya mwalimu, mtunza stoo, fundi wa sokoni anayekuja kuonyesha namna ya kunoa patasi, na mkuu wa shule anayekubali kutoa fedha ya mbao kabla ya fedha ya mapazia.

Nawageukia ninyi mnaotoa.

Waheshimiwa madiwani, maafisa elimu, wenyeviti wa bodi: kamati ya kumchagua mwalimu bora wa amali isikae ofisini. Iende karakanani siku ya kazi. Mjumbe mmoja awe fundi anayeishi kwa ufundi wake, mtu wa cherehani au wa mbao anayeheshimika sokoni, kwa maana ataona katika dakika tano kile ambacho faili haliwezi kumwonyesha afisa kwa siku nzima. Mwombeni mwanafunzi, mwalimu akiwa nje, aeleze alichotengeneza na kwa nini alichagua njia hiyo. Angalieni kama tupa zimechakaa kwa kutumika au zimepata kutu kwa kufungiwa. Vigezo mvitangaze mwanzoni mwa mwaka, vibandikwe kwenye ubao wa kata, ili asiwepo atakayesema tuzo ilikuwa na mwenyewe.

Na mtoe nini? Hapa nina msimamo. Mwalimu apewe fedha yake mkononi, na karakana ipewe zana zake kwa fungu jingine. Nimeona tuzo ambapo mwalimu alikabidhiwa mashine ya kuchomelea mbele ya umati, akapigiwa makofi, na kesho yake mashine ikaandikwa kwenye rejista ya mali ya shule. Ilikuwa halali kuandikwa huko. Ila yeye alirudi nyumbani kwa watoto wake mikono mitupu huku kijiji kizima kikidhani ametajirika. Msichanganye. Kama fungu ni dogo, mpeni kidogo kilicho chake, na jiliwa au seti ya randa ipelekwe shuleni kwa jina la tuzo ile ile.

Kitu kimoja kinaweza kuiua heshima hii mapema: kudanganya. Kwenye maonyesho yetu hutokea meza ikapambwa kwa kiti kilichonunuliwa dukani au kifaa kilichoundwa na fundi wa mjini, mwanafunzi akasimama nyuma yake na maelezo ya kukariri. Wanafunzi wote wa shule hiyo wanajua ukweli. Wanachojifunza siku hiyo kinafuta mwaka mzima wa mafundisho. Mwalimu, peleka kiti chenye mguu uliorekebishwa mara mbili, na umwache mtoto aeleze kwa nini ulirekebishwa. Na wazo likiwa la mwanafunzi, liandikwe kwa jina lake, hata likija kupata fedha. Hasa likija kupata fedha.

Mei Mosi huja kila mwaka, na majina hutakiwa kabla ya siku yenyewe. Mzazi wa Bugomora ambaye mwanao alirudi nyumbani akarekebisha kitasa au akashona begi lake mwenyewe: unalijua jina la mwalimu aliyemfundisha. Chukua karatasi, eleza alichokifanya mwanao kabla na anachoweza sasa, weka sahihi na namba yako ya simu, uipeleke kwa mkuu wa shule na nakala kwa afisa elimu kata. Ukurasa mmoja unatosha, na hauna ada.